Shanta Mgongoni, Mihuri Kwenye Pasipoti

Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja wa Afrika Kusini, akisafiri kwa barabara kati ya Nairobi na Johannesburg, alisimama Isimila, kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini. Kwenye korongo lililochimbwa na maji ya mvua aliokota mawe yaliyochongwa kwa mkono wa binadamu, akaondoka nayo. Wataalamu walikuja kuchimba mwaka 1957 na 1958, wakakuta mashoka ya mawe yametapakaa kila mahali. Kwa hiyo mojawapo ya hazina kubwa za historia ya Iringa iligunduliwa na mpita njia.

Si ajabu. Nyanda za Juu Kusini zimepitwa na wasafiri wa mbali kwa muda mrefu. Wakoloni wa Kiingereza waliota barabara moja kutoka Cape Town hadi Cairo, na kipande chake cha Tanganyika kiliingilia Tunduma, kikapanda Mbeya, kikashuka Iringa na kuendelea Dodoma na Arusha. Mwaka 1932, shirika la Imperial Airways lilipofungua safari zake za London hadi Cape Town, Mbeya ilikuwa miongoni mwa vituo. Mji wenyewe ulikuwa bado mchanga, ukiishi kwa matumaini ya dhahabu ya Lupa kule Chunya.

Abiria wa ndege hizo walikuwa wachache na wenye fedha zao. Waliovuka mipaka kwa wingi ni vijana wa Rungwe. Wanyakyusa walikwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, wengine wakafika kwenye dhahabu ya Afrika Kusini kwa mikataba ya Wenela, chama cha wenye migodi cha kuajiri vibarua. Safari zao ndizo zilizostahili kuandikiwa vitabu vya mwongozo, lakini hakuna aliyewaandikia. Baada ya uhuru, serikali ya Tanganyika iliufunga mlango wa Wenela.

Wakati huohuo mlango mwingine ulifunguka. Januari 1962, Tanganyika ikiwa na mwezi mmoja tu wa uhuru, ndege ndogo iliyotoka Kasane, Bechuanaland, ilitua Mbeya. Ndani yake alikuwamo Nelson Mandela, aliyetoroka kwao bila pasipoti, pamoja na mwenzake Joe Matthews. Walipofika hotelini walikuta watu weusi na weupe wameketi barazani wakizungumza, jambo ambalo Mandela hakuwahi kuliona katika hoteli ya kwao. Aliyekuwa akiwatafuta pale ni mbunge, John Mwakangale. Kesho yake walikuwa Dar es Salaam, ambako Mandela alionana na Nyerere.

Serikali ya Tanganyika ikampa karatasi ya kumtambulisha na kumruhusu kutoka na kurudi. Kwa karatasi hiyo alizunguka karibu nusu ya Afrika: Addis Ababa kwenye mkutano wa PAFMECA, umoja wa vyama vya kupigania uhuru, kisha Cairo, Tunis, Morocco, Mali, Guinea, Sierra Leone, Liberia, Senegal, hadi London. Aliporejea katikati ya mwaka, alipitia Mbeya tena. Agosti alikamatwa.

Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, iliyozoea kupitisha mizigo yake huko, ikalazimika kutafuta njia ya bahari upande wa Dar es Salaam. Malori yaliyobeba mapipa ya mafuta yalipita Iringa na Mbeya kwenye vumbi na tope, madereva wenyewe wakijua kwa nini barabara ile ilifananishwa na jehanamu. Baadaye likaja bomba la mafuta, ikaja lami, ikaja TAZARA: kilomita 1,860 za reli zilizojengwa kwa mkopo wa China kuanzia 1970.

Reli na lami ndizo zilizowaleta Wazungu wa shanta. Mwaka 1977 kitabu cha Geoff Crowther, *Africa on the Cheap*, kilianza kuwapa ramani, lakini Februari ya mwaka uleule Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983. Aliyepanga kutoka Nairobi hadi Mbeya moja kwa moja alijikuta akizungukia Rwanda au Burundi, kisha meli ya MV Liemba katika Ziwa Tanganyika. Mwenye muhuri wa Afrika Kusini kwenye pasipoti angeweza kurudishwa mpakani, ndiyo maana wajanja walitembea na pasipoti mbili, au walimwomba ofisa wa kule agonge muhuri kwenye karatasi ya pembeni. Akishaingia, msafiri alijaza fomu ya fedha za kigeni na kuilinda kama mboni ya jicho, kwa kuwa wakati wa kutoka angeulizwa kila dola alikoibadilishia.

Kushuka Kyela kuelekea Malawi kulikuwa na lake. Sheria za Rais Kamuzu Banda zilikataza suruali kwa wanawake, sketi fupi, na nywele ndefu kwa wanaume. Hivyo mpango wa safari ulihitaji kitenge cha kujifunga kabla ya daraja la Songwe, na kwa wanaume mkasi.

Siku hizi malori ya watalii hulala Kisolanza, kusini mwa Iringa, na tangu 2019 Tunduma ina kituo cha pamoja cha forodha. Pasipoti bado ina uzito wake. Viza moja ya Afrika Mashariki inafaa Kenya, Uganda na Rwanda. Ile ya KAZA inafaa Zambia na Zimbabwe. Tanzania haimo katika yoyote kati ya hizo mbili, na anayetaka kupita Mbeya hulipia yake peke yake: dola 50 kwa wengi, 100 kwa Mmarekani.