Dungu la kulindia shamba: chagua la gharama nafuu lisilokuangusha

Kila mwaka mahindi yanapoanza kubeba na mpunga unapochanua, maswali yanayofika studio hubadilika. Mbolea na palizi husahaulika. Sasa ni nguruwe pori, nyani, kiboko, tembo na kwelea kwelea. Na msimu haupiti bila msikilizaji kutuuliza: nijenge dungu gani ambalo halitanimalizia fedha, nami niweze kukaa humo mpaka alfajiri?

Makala haya yanajibu swali hilo. Tunawafikiria zaidi wakulima wa mabonde ya mto kama Kilombero, ambako mashamba yako mbali na nyumba na watu huhamia shambani kwa wiki kadhaa kabla ya mavuno. Lakini mengi yaliyomo yanafaa popote penye shamba na wanyama.

Jibu letu kwa kifupi ni hili: usianze kwa kuuliza bei, anza kwa kuuliza utakaaje. Mlinzi aliyekaa vibaya husinzia, hushuka mara kwa mara gizani, au hukata tamaa na kurudi nyumbani saa nane usiku. Akiondoka, saa tisa nguruwe wanaingia. Dungu la bei rahisi lisilokalika ni hasara mara mbili, kwa sababu umelijenga na mazao yameliwa.

Mjue kwanza anayekuja

Dungu, ambalo wengine huliita ulingo, ni jukwaa lililoinuliwa ili mlinzi aone mbali na asiwe njiani pa mnyama. Mwindaji hujificha juu ya mti ili mnyama asimwone. Mlinzi wa shamba anataka kinyume chake: aonekane, asikike, mnyama ageuke kabla hajafika. Kwa hiyo dungu lako liwe wazi pande zote. Usilifunike kwa majani kama banda la kuku.

Ukubwa na umbo lake hutegemea mnyama na saa anazokuja.

Nyani na tumbili huja mchana. Dungu lao linahitaji kivuli kizuri na kuona mbali, hasa upande wa msitu.

Kwelea kwelea nao ni wa mchana, lakini hula zaidi asubuhi na jioni, na jua linapokuwa kali hupumzika. Ukianza kuamia kunapopambazuka mpaka saa nne, kisha ukarudi saa kumi mpaka giza, umelinda sehemu kubwa ya siku. Dungu la mita 1 na nusu linatosha, maana mpunga ni mfupi.

Nguruwe pori na nungu huja usiku. Hapa unahitaji mahali pa kujinyoosha, chandarua na tochi. Mahindi yaliyokomaa hufika mita 2 au zaidi, kwa hiyo sakafu ya dungu iwe kati ya mita 2 na mita 2 na nusu. Kupanda juu zaidi ya hapo hakukuongezei kitu isipokuwa urefu wa kuanguka.

Kiboko hutoka mtoni usiku na hupenda njia zake zilezile. Tafuta mapito yake mchana na usijenge juu yake.

Tembo tutamzungumzia peke yake hapo chini.

Aina tatu za dungu

La kwanza ni dungu la mtini. Ni nafuu kuliko yote, kwa kuwa nguzo umepewa bure. Chagua mti mbichi, mnene, wenye panda imara, usio na matawi makavu juu ya kichwa chako. Kagua nyuki, siafu na mashimo yanayoweza kukaa nyoka. Jambo moja husahaulika: mti huyumba kwa upepo. Ukifunga jukwaa kwenye miti miwili tofauti, kila mmoja huvuta upande wake na kamba hulegea usiku mmoja. Funga kwenye mti mmoja tu. Ubaya wa dungu hili ni kwamba mti haukuota pale unapotaka kulinda.

La pili ni dungu la nguzo nne. Hili ndilo tunalolipendekeza kwa wengi, maana unalijenga pale unapoona shamba lote. Tafuta nguzo zenye panda kwa juu, ili boriti za sakafu zikae ndani ya panda na uzito ubebwe na mti wenyewe, si na msumari wala kamba. Chimbia nguzo futi 2 au zaidi, na kwenye udongo laini wa bondeni ongeza. Kisha funga mbao mbili za mshazari kila upande, zikikatana. Dungu lisilo na mshazari hucheza, na linalocheza hulala.

La tatu ni kibanda cha chini kabisa, chenye kichanja cha nusu mita. Ni rahisi kujenga, na kwa kuamia ndege mchana linafaa. Kwa kulinda usiku halifai: huoni, mnyama anakufikia, na bondeni maji yakipanda yanakukuta kitandani.

Fedha kidogo uliyonayo uitumie wapi? Nguzo na fito unaweza kukata katika shamba lako, au ukaomba ruhusa kijijini. Usiingie msitu wa hifadhi. Mabanzi ya kiwanda cha mbao ni rahisi kuliko mbao na yanafaa sana kwa sakafu. Paa liwe la nyasi au makuti. Turubai huzuia mvua vizuri, lakini mchana hutoa joto na usiku hupiga kelele kwa upepo mpaka usisikie nguruwe akivunja bua. Kwa hiyo fedha taslimu iende kwanza kwenye kamba nzuri, pili chandarua, tatu tochi na betri.

Kukaa kwa raha si anasa

Miguu ikining'inia muda mrefu huingia ganzi. Mtu hukurupuka aliposikia kelele, anakanyaga ngazi kwa mguu asiouhisi, anaanguka. Ndiyo maana tunasema raha na usalama ni kitu kimoja.

Sakafu iwe na urefu wa mita 2 na upana wa mita 1 na nusu, ulale bila kukunja magoti. Panga mabanzi karibu karibu, mguu usizame katikati, kisha tandika nyasi kavu na mkeka juu. Weka kigoda cha kimo cha goti lako, ili nyayo zikanyage sakafu. Nyuma yake funga ubao wa kuegemea, umelala kidogo. Hivi vitu viwili havigharimu kitu, navyo ndivyo vinavyokuwezesha kukesha.

Zungushia ukingo pande tatu, wa kimo cha kiuno, na mwingine wa chini wa kama futi moja. Ule wa juu unakuzuia ukisimama. Wa chini unakuzuia ukijigeuza usingizini.

Usisimame kila mara kupiga kelele. Funga kamba kutoka kwenye dungu mpaka pembe za shamba, tundika makopo yenye mawe ndani au debe bovu, kisha vuta ukiwa umekaa. Kwa ndege, kombeo na vidonge vya udongo vikae karibu na mkono.

Na tuseme lile ambalo watu huona haya kulisema: panda na kopo la haja ndogo. Kushuka saa saba usiku kwenda kichakani ni wakati ambao unaweza kukutana uso kwa uso na kiboko.

Ngazi ndipo watu huumia

Kule Marekani wawindaji wa kulungu hukaa kwenye majukwaa yanayofungwa juu ya miti, na biashara ya majukwaa hayo ni kubwa. Yapo ya chuma, yapo yenye viti vya sponji. Pamoja na ufundi wote huo, kuanguka kutoka jukwaani ni miongoni mwa sababu kubwa za wawindaji wao kuumia, na wengi huanguka wakipanda, wakishuka au wakivuka kutoka ngazi kwenda jukwaani. Wanafundishwa kuvaa mikanda inayoshika mabega, kifua na mapaja, na kutopanda kamwe na mzigo mkononi.

Mikanda ile hatuna, na kujifunga kamba kiunoni peke yake si badala yake: ukianguka ukaning'inia, kamba hiyo hubana tumbo na mbavu na inaweza kukuua. Lakini mafunzo mengine tunaweza kuyachukua bure.

Ngazi yako ipite juu ya sakafu kwa kama mita 1, ili unapovuka uwe na cha kushika. Vipandio viachane futi moja, na kila kimoja kikae kwenye kidato kilichochongwa ndipo kifungwe. Kipandio kilichopigiwa msumari mmoja huzunguka. Funga ngazi juu na chini isiteleze. Jembe, panga, maji na chakula viache chini, ufunge kamba, upande mikono mitupu, ndipo uvute mzigo. Kabla ya kushuka, nyoosha miguu mpaka ganzi iishe. Ukiwa umekunywa pombe, usipande.

Dungu la mwaka jana

Ajali nyingi zingeepukwa kwa kazi ya saa moja. Tunarudi shambani, tunaona dungu la mwaka jana bado limesimama, tunapanda. Lakini mchwa hula nguzo pale inapoingia ardhini, mahali usipopaona. Fukua kidogo, choma kisu. Kikizama kirahisi, badilisha nguzo. Nguzo mpya ichome moto sehemu ya chini mpaka iwe nyeusi kabla ya kuichimbia. Hii humchelewesha mchwa.

Kamba za magome hushika vizuri zikiwa mbichi, lakini mvua na jua huziozesha. Kata zote, funga upya kila msimu. Kamba ya nailoni nayo huliwa na jua. Ikiwa ngumu na kuacha unga vidoleni, itupe. Ukishamaliza, ning'iniza gunia la udongo lenye uzito kuliko wako sakafuni, uliache usiku mmoja. Likidondoka, limedondoka gunia.

Mbu, moto na radi

Mbu wanaoeneza malaria huuma zaidi usiku, na mlinzi wa shamba yuko nje usiku kucha karibu na maji. Wengi wetu huacha chandarua nyumbani. Weka vitanzi vinne kwenye paa la dungu, tundika chandarua chenye dawa, ukichomeke chini ya mkeka. Unapokuwa umekaa macho, vaa mikono mirefu na suruali au ujifunge kanga miguuni.

Moto uwe chini, mbali na nguzo, upande ambao upepo hauleti cheche. Usipande na jiko la mkaa kwenye dungu la nyasi. Sakafu na paa vyote ni kuni kavu.

Mvua za masika huja na radi. Dungu katikati ya bonde ndicho kitu kirefu kilichosimama peke yake, na mti mmoja shambani ni hivyo hivyo. Ukisikia ngurumo, shuka mapema, uende kwenye nyumba. Mpunga utaota mwakani.

Watoto, tembo na sheria

Dungu la kuamia ndege mara nyingi hukabidhiwa mtoto, na anayepoteza ni yeye, maana saa za ndege za asubuhi ndizo saa za darasani. Majirani watatu au wanne wakipeana zamu, mtu mzima mmoja anaweza kulinda mashamba yanayopakana. Usiku, mtoto asiachwe dunguni peke yake kabisa.

Kwa tembo, usidanganyike na urefu. Mkonga wa dume ukinyooshwa hufika mita 5, na nguzo zako anaweza kuzisukuma kwa kichwa. Dungu la tembo ni la kumwona mapema na kuwaamsha wenzako, si ngome. Penye tembo, heri mti mnene kuliko nguzo. Weka simu ikiwa na chaji, na namba za majirani, za mtendaji wa kijiji na za askari wa wanyamapori. Uzio wa kamba yenye vitambaa vilivyolowekwa pilipili na oili chafu, au wa mizinga ya nyuki, husaidia zaidi kuliko kumkabili.

Na dungu lisigeuke la kuwindia. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali, na mtego wa waya ni kosa hata ukiwa shambani kwako. Mazao yakiharibiwa na tembo au kiboko, toa taarifa kijijini mara moja, kabla nyayo hazijafutika. Upo utaratibu wa serikali wa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeumia au aliyefiwa, na afisa wanyamapori wa wilaya atakueleza masharti yake.

Kabla hujapanda leo jioni

Tikisa nguzo zote nne. Kagua kamba. Kanyaga kila kipandio cha ngazi ukiwa bado chini. Hakikisha chandarua, tochi, maji, kopo na simu vimo kwenye kapu la kuvuta. Mwambie mtu nyumbani uko dungu lipi na utarudi saa ngapi.

Gunia la mpunga likiliwa linauma, lakini mkulima aliyevunjika nyonga hapandi mpunga mwakani. Ukiwa na namna yako ya kujenga dungu iliyokusaidia, tupigie wakati wa kipindi cha wakulima. Tutaisoma hewani, na mwenzako wa kijiji cha pili ataijaribu.