Sahihi Iliyokataliwa: Kumbukumbu ya Mwalimu Guy Stern

Ni desturi njema kwamba, baada ya hesabu za fedha na taarifa za kamati, twamkumbuka mtu ambaye maisha yake yana mafunzo kwetu. Safari hii tumemchagua mtu wa mbali: Guy Stern, Myahudi aliyekuwa askari kisha mwalimu, aliyefariki tarehe 7 Desemba 2023 akiwa na umri wa miaka 101. Tumemchagua kwa kuwa maisha yake yaligeuzwa na jambo linalojulikana sana katika vikao vyetu, nalo ni dhamana.

Alizaliwa Hildesheim, Ujerumani, mwaka wa 1922, akapewa jina la Günther. Baba yake alikuwa na duka dogo la nguo. Hitler alipotwaa utawala mwaka wa 1933, Wayahudi walianza kutengwa na kunyang'anywa haki zao. Baba aliwausia wanawe wawe kama wino usioonekana: wasijionyeshe, bali wangoje siku maandishi yatakapoweza kusomeka tena.

Mwaka wa 1937 wazazi walimtuma Günther, mtoto wao wa kwanza, aende Marekani. Mjomba wake aliyekaa St. Louis alimwekea dhamana, lakini uwezo wake ulitosha mtu mmoja tu. Kijana huyo wa miaka 15 akasafiri akiwa na wajibu mzito: atafute mtu wa kuwadhamini wazazi wake, mdogo wake Werner na dada yao Eleonore.

Sheria ya Marekani ilitaka mdhamini athibitishe kwa sahihi yake kwamba mgeni hatakuwa mzigo kwa serikali. Kijana alisoma shule huku akifanya kazi hotelini, akiuliza huku na huku. Mwishowe akampata mtu aliyekubali. Mtu huyo alikuwa mcheza kamari. Wakaenda pamoja kwa wakili, na wakili alipouliza kazi ya mdhamini, akajibiwa kweli. Wakili akakataa kuiandika hati. Kijana alimsihi, asisikilizwe. Mlango ukafungwa, wala hakupata mwingine.

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Sisi hatumwiti wakili yule mtu mwovu. Aliishika sheria kama ilivyoandikwa. Lakini mwaka wa 1942 jamaa ile ya Hildesheim ilichukuliwa ikapelekwa Warsaw, katika mtaa waliofungiwa Wayahudi. Baba, mama na watoto wawili hawakurudi.

Wakati huo kijana hakujua mwisho wao. Aliingizwa katika jeshi la Marekani, akafundishwa katika kambi ya Ritchie, Maryland, pamoja na wakimbizi wengine waliojua Kijerumani. Mwezi wa Juni 1944 alishuka katika pwani ya Normandy, Ufaransa, siku tatu baada ya majeshi ya kwanza. Kazi yake ilikuwa kuwahoji mateka. Hawakupigwa wala kuteswa, alitumia akili. Kwa kuwa mateka waliogopa sana kupelekwa Urusi, Stern alivaa mavazi ya ofisa wa Kirusi, akaketi karibu na picha ya Stalin akijiita Kamisaa Krukov. Mateka wengi waliokuwa wamenyamaza wakasema. Alitunukiwa nishani ya Bronze Star.

Mwaka wa 1945 alirudi Hildesheim, akaukuta mji umeteketea kwa mabomu. Ndipo alipojua kwamba amebaki peke yake.

Wako waliokutwa na msiba kama huo wakaapa kutotamka tena neno la Kijerumani. Stern alichagua njia nyingine. Alipata shahada ya udaktari katika chuo kikuu cha Columbia, New York, akafundisha fasihi ya Kijerumani huko Ohio, Maryland, na tangu 1978 katika chuo kikuu cha Wayne State, Detroit, hata mwaka wa 2003. Aliwatafiti waandishi waliomkimbia Hitler. Alikuwa pia miongoni mwa walioanzisha chama cha wataalamu wa Lessing, Mjerumani wa karne ya 18 aliyetunga mchezo wa kuwapatanisha Wayahudi, Waislamu na Wakristo. Alikataa kuiacha lugha ya mama yake mikononi mwa waliomwua.

Alipostaafu hakupumzika. Aliendelea kufanya kazi katika nyumba ya kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi karibu na Detroit, akisimulia habari za watu waliohatarisha maisha yao ili kuwaokoa wengine. Mwaka wa 2012 mji wa Hildesheim ulimfanya raia wa heshima. Kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka wa 2020, alikiita Invisible Ink, yaani ule wino wa baba yake. Alisema kuwa aliyeokolewa hana budi kuonyesha kwamba alistahili kuokolewa.

Ndugu wanachama, katika mikutano yetu twabishana mara nyingi juu ya nani adhaminiwe, na nani anafaa kudhamini. Kanuni ni lazima, maana fedha za chama ni jasho la wengi. Hata hivyo, kalamu inapokuwa mkononi mwetu, tukumbuke kwamba sahihi moja iliyotiwa ilimpa dunia mwalimu kwa zaidi ya miaka 50, na sahihi moja iliyokataliwa iliwaacha watu wanne upande wa pili wa bahari.