MADAGASKA ILITOKA WAPI?



Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nyambizi zilizamisha meli nyingi mno. Jicho haliioni nyambizi iliyozama, lakini chuma chake huvuruga sumaku ya dunia. Kwa hiyo Victor Vacquier, mtaalamu wa Marekani, alibuni kipima sumaku, kikafungwa kwenye ndege za kumsaka adui.

Amani iliporejea, chombo hicho kilipewa kazi nyingine. Mwaka 1955 meli Pioneer ilikikokota baharini mbele ya pwani ya California. Ikaonekana kwamba sakafu ya bahari ina milia, mithili ya ngozi ya punda milia: mmoja wenye sumaku kali, wa pili hafifu. Penye ufa wa Mendocino milia ilikatika ghafla. Vacquier aliitafuta milia iliyolingana nayo ng'ambo ya ufa, akaikuta umbali wa kilomita zipatazo 1,140.

Mwaka 1963 Fred Vine na Drummond Matthews wa Uingereza, wakitumia vipimo vya Bahari ya Hindi, walieleza sababu. Mawe ya moto yapoapo huhifadhi mwelekeo wa sumaku ya wakati ule, na sumaku ya dunia imegeuka mara nyingi. Milia hiyo, basi, ni kalenda.

Kalenda hiyo ndiyo iliyokata shauri la jirani yetu Madagaska. Wako waliodai kwamba kisiwa hicho hakikusogea kamwe. Wengine, kwamba kilibanduka Msumbiji. Na wengine, akiwamo Alexander du Toit wa Afrika Kusini mwaka 1937, kwamba kilishikana na pwani ya Kenya na Tanzania. Kila upande ulikuwa na ramani yake, ushahidi wa kutosha haukuwapo.

Mwaka 1980 na 1983 wataalamu wa Ufaransa na Marekani walitangaza vipimo vya bahari iliyo kati ya Somalia na Madagaska. Milia ilikuwapo, imelala mashariki hadi magharibi. Maana yake, kisiwa kilisogea kuelekea kusini, zaidi ya kilomita 1,000, kikifuata ufa wa Davie ulio mbele ya pwani za Tanzania na Msumbiji. Kilisimama kati ya miaka milioni 130 na 120 iliyopita. Du Toit alikuwa amesema kweli.

Hata hivyo, ufa wa Davie haujalala. Matetemeko hutokea humo hadi leo. Na ardhi itikisikapo, askari ndiye huitwa kwanza. Yafaa aujue ufa ulio mlangoni pake.