Darasa la Nane la Babu

Babu alikuwa na sentensi moja ya kutunyamazisha: "Nyie mna fomu foo, mimi nina darasa la nane la mkoloni!" Kisha anachukua gazeti la Kiingereza, hata lililofungia dagaa, analisoma kwa sauti. Sisi wa fomu foo tunatazamana. Kweli bwana, tulikuwa tunababaika.

Basi nikaamini kwamba zamani ndiyo kulikuwa na shule. Na kwetu Masasi ushahidi haukuwa mbali. Wamisionari wa UMCA walifika mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, na baadaye Chidya pakawa na Chuo cha Mtakatifu Yosefu. Mtu akisema "Nimesoma Chidya," hakuna swali la pili.

Aliyenizindua ni Bibi. Siku hiyo Babu kamaliza majigambo yake, Bibi anapepeta mchele. Akauliza taratibu: "Mzee, darasa la nne mlikuwa wangapi?" Babu akajibu kwa haraka. "Na la tano?" Babu akakohoa.

Miaka ya 1950 shule ya msingi ilikuwa darasa la kwanza hadi la nne. Halafu mtihani. Waliopita, na wazazi wao wakapata ada, ndio walioingia shule ya kati, la tano hadi la nane. Wengi waliishia la nne, wasichana ndio usiseme. Bibi alikuwa mmoja wao. Mwalimu wa shule ya kati alipokea mchele uliokwisha kupepetwa, halafu tunamsifu kwamba wali wake hauna chuya!

(Jembe nalo lilikuwepo. Babu alilima bustani ya shule miaka mingi kabla ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967.)

Baada ya Uhuru darasa la nane likafutwa, msingi ukawa miaka saba. Sheria ya 1969 ikazifanya shule za misheni kuwa za serikali. Azimio la Musoma la 1974 likataka kila mtoto asome, na 1977 milango ikafunguliwa. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza la saba wakafunzwa ualimu huku wanafundisha, watu wakawaita "walimu wa UPE", tena kwa kejeli.

Mama yangu alifundishwa na mmoja wao, chini ya mkorosho. Gazeti la Kiingereza hasomi. Lakini barua zote za Bibi kwa ndugu zake ndiye aliyeziandika, na Babu hakujua zilisema nini.