Redio ya Valvu na Bei ya Betri Mpakani

Redio ya zamani ya mbao ikishushwa darini katika boma la Matayos, Nambale au Malaba, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, na kupelekwa kwa fundi sokoni, swali la kwanza huwa ni wapi waya wake wa stima. Usipoonekana, wengi hudhani ulikatwa. Lakini redio nyingi za aina hiyo hazikuwahi kuwa na waya wa stima. Zilitengenezwa ziishi kwa betri kavu. Ninachodai hapa ni kwamba betri hiyo, iliyokwisha kutupwa miaka mingi iliyopita, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya historia ya redio hizi. Anayeitengeneza redio kana kwamba betri haikuwapo, anabaki na sanduku.

Ushahidi uko kwenye valvu zenyewe. Katika majina yaliyotumiwa na Philips na Mullard, herufi ya kwanza hutaja umeme unaotakiwa na utambi wa valvu. E ni volti 6.3, na hiyo kwa kawaida ni redio ya stima. D ni volti 1.4, yaani jiwe moja tu la betri kavu. K ni volti 2, redio ya zamani zaidi iliyotegemea betri ya maji, ile ya kubebwa kwenda kuchajiwa. Kwa hiyo ukikuta DK91, DF91, DAF91 na DL92 zimepangwa ndani, hakuna haja ya kubahatisha. Ni vioo vidogo vya unene wa kidole, pini saba chini ya kila kimoja. Maandishi yakiwa yamefifia usiyasugue, maana yatatoka yote. Kipulizie kioo pumzi yako, nayo herufi hujitokeza kwenye ukungu kwa nukta chache. Tazama pia doa linalong'aa kama fedha ndani ya kioo. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo imekufa.

Valvu hizo nne za familia ya 91 hunywa miliampia 250 kwa ajili ya tambi pekee. Katika miaka ya 1950 wakaja wadogo zao, DK96, DF96, DAF96 na DL96, ambao kazi ileile waliifanya kwa miliampia 125. Tofauti hiyo ni ndogo mno kwa mtu mwenye stima ukutani. Wahandisi hawakuhangaika kupunguza umeme huo kwa ajili yake. Walimfikiria msikilizaji aliyenunua kila saa ya kusikiliza kwa fedha taslimu.

Gharama yenyewe tunaweza kuikadiria kutoka kwingineko Afrika. Mwaka 1949 Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, aliishawishi kampuni ya Ever Ready ya Uingereza kutengeneza redio ya bei nafuu kwa Waafrika. Sanduku lake lilikuwa sufuria ya alumini, na jina la sufuria likaishikilia. Iliuzwa pauni 5, sawa na shilingi 100. Betri yake ilikuwa shilingi 25 na ilidumu kama saa 300. Piga hesabu: anayesikiliza saa tatu kwa siku humaliza betri kwa siku 100, na kwa mwaka hutumia shilingi 90 na zaidi. Ni kama kuinunua redio upya kila mwaka, na hiyo ndiyo redio iliyobuniwa iwe rahisi! Kizuizi kikubwa, kwa maoni yangu, hakikuwa kuipata redio. Kilikuwa kuilisha.

Hapa mpakani hesabu hiyo ina uchungu wa pekee. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha umeme wake ulikuwa ukivuka kutoka Tororo kwenda Nairobi. Stima ilipita ikaenda mjini, huku maboma mengi ya mpakani yakibaki na koroboi na betri. Na miaka ile ndiyo redio ilianza kusema na Mwafrika. Matangazo ya Nairobi yaliyoanza mwaka 1928 yaliwalenga walowezi. Huduma ya Waafrika ilikuja mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ikitaka kusikika. Uganda ilianza kutangaza mwaka 1954, Cairo ikaanza kusema Kiswahili mwaka huohuo, na BBC mwaka 1957. Eneo hili, lililokuwa upande wa Uganda hadi 1902, sasa lilisikiliza pande zote, kwa sababu mawimbi hayasimamishwi forodhani. Ila mwenye betri alilazimika kuchagua: taarifa ya habari, matangazo ya vifo, muziki kidogo, kisha kuzima.

Kuna atakayesema hii ni historia ya chifu, mwalimu na mwenye duka, si ya wananchi. Kweli, wenye redio walikuwa wachache. Lakini uchache huo ndio uliowafanya watu wakusanyike. Kitu kinachokula shilingi kila saa hakiachwi kikinguruma peke yake chumbani. Hufunguliwa watu wakiwa wamefika, na wasikilizaji huwa wengi kuliko wamiliki. Redio ya transista ilipoenea miaka ya 1960, ikitumia mawe madogo ya bei nafuu, kila mtu akaweza kwenda na yake shambani.

Pingamizi la pili ni la mafundi, nami naliheshimu kwa kuwa ni riziki yao: masafa ya kati yamebaki na stesheni chache, basi kwa nini tusing'oe mitambo, tuweke Bluetooth na spika mpya, tumpe mteja kitu atakachotumia? Kwa sababu mitambo ikishang'olewa, hesabu yote niliyoieleza hapo juu haiwezi kusomwa tena. Mteja akitaka muziki wa simu, upo mtambo mdogo wa kuurusha kwa masafa ya kati ndani ya chumba, na redio ikaupokea bila kukatwa waya hata mmoja.

Kuifufua si kazi kubwa, ila inataka utaratibu. Hatari moja inazidi zote: redio hii ina njia mbili za umeme, volti 1.5 za tambi na volti 90 za kuzifanyisha valvu kazi. Ukizichanganya, tambi zote nne zinaungua kabla hujaondoa mkono. Kapasita za karatasi zilizofunikwa nta karibu zote huwa zimeanza kuvujisha, na ile inayopeleka sauti kwenye DL92 ibadilishwe kabla ya kuwasha. Ikivuja, valvu ya mwisho hunywa kupita kiasi na kumaliza betri. Mpya inaweza kufichwa ndani ya ganda la zamani.

Betri ya volti 90 haiuzwi tena madukani, lakini betri kumi za volti 9 zikiunganishwa mkia kwa kichwa hutoa zilezile 90, na jiwe moja kubwa hutosha tambi. Kasha la betri ya zamani likiwa bado limo, hata kama limechakaa, lisafishwe, litolewe uchafu wa ndani, na betri hizo kumi zipangwe humo. Redio ya stima hukungojesha ipate moto. Hii ukigeuza kitufe sauti hutoka papo hapo, na tangu nukta hiyo betri inaliwa.