Pango la Nelson Bay

Pango la Nelson Bay ni pango la kale lililopo katika rasi ya Robberg, karibu na mji wa Plettenberg Bay, mkoa wa Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini. Linatazama Bahari ya Hindi, ndani ya hifadhi inayosimamiwa na shirika la uhifadhi la CapeNature.

Wanaakiolojia Ray Inskeep na Richard Klein walichimba hapo katika miaka ya 1960 na 1970. Matabaka ya udongo yanaonyesha kuwa watu walilitumia pango hilo kwa vipindi tangu zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Wakati wa enzi ya barafu bahari ilirudi nyuma kilomita nyingi, na mbele ya pango palikuwa na mbuga ya nyasi. Mifupa ya nyati wakubwa na farasi-pori waliokwisha kutoweka imepatikana humo. Maji yalipopanda tena, wakazi waligeukia samaki, kome na sili. Utamaduni mmoja wa Zama za Mawe, unaojulikana kwa zana ndogo za mawe kama zilizopatikana pangoni, umepewa jina la rasi hiyo, Robberg.

Wageni hufika kwa miguu. Hifadhi ina njia tatu za mzunguko: kilomita 2.1, 5.5 na 9.2. Njia ndefu hufika ncha ya rasi, ikipita juu ya majabali ambako makundi ya sili huonekana chini. Mgeni hushauriwa kuvaa viatu imara, kubeba maji na, kwa kuwa mawimbi ni makali, kutokaribia miamba iliyolowa.