Ramani ya mawazo: mahubiri kwenye karatasi moja



Wengi wetu wachungaji wa Maniema tulisoma theolojia kwa Kifaransa, na tunahubiri kwa Kiswahili. Katikati ya lugha hizo mbili ndipo ujumbe unapopotea. Usiku tunaandika kurasa nne za sentensi ndefu za shuleni, asubuhi tunazitafsiri tukiwa tumesimama mimbarani. Siku moja tulisoma hivyo tangazo la semina ya wamama. Lilikuwa na utangulizi, sababu, na shukrani kwa kamati. Siku yenyewe ilikuwa ukurasa wa tatu. Wamama kadhaa wa Alunguli walilipa mtumbwi wakavuka mto Jumanne, kumbe semina ni Alhamisi. Pesa ya mtumbwi haikurudishwa, na wawili kati yao Alhamisi hawakuja.

Tangu hapo tumejifunza kuchora kabla ya kuandika. Ramani ya mawazo ni mchoro wa karatasi moja: jambo kuu linakaa katikati, na mawazo mengine yanatoka kwake kama matawi. Jina hilo lilienezwa na Mwingereza Tony Buzan, aliyefundisha njia hii katika vipindi vya televisheni ya BBC mwaka 1974. Lakini kuchora mawazo kwa matawi ni kazi ya zamani zaidi. Petrus Ramus, mwalimu Mprotestanti aliyeuawa Paris katika mauaji ya Agosti 1572, alipanga masomo yake kwa michoro ya kugawanya jambo kubwa kuwa madogo, na wahubiri wengi wa Uingereza waliifuata njia yake. Na hapa kwetu, wazee wa Warega walikuwa na mutanga, kamba iliyofungwa vitu vidogo vidogo, kila kimoja kikibeba methali yake. Mzee alishika kitu, akasema methali, akaieleza. Hakuwa na ukurasa wa kusoma.

Namna ya kuichora ni rahisi. Laza karatasi kwa upana. Katikati andika, si kichwa cha habari, bali kile unachotaka watu wafanye au wakumbuke. Toa matawi manne au matano, si zaidi, na juu ya kila tawi andika neno moja. Vitawi vidogo vibebe mifano, aya za Biblia, majina ya mahali. Ukimaliza, shika biki nyekundu uweke namba: lipi litasemwa kwanza, lipi mwisho. Kisha futa. Sehemu hii ndiyo inayouma, maana mara nyingi tawi zuri kuliko yote halihusiani na la katikati.

Neno moja lina faida kubwa kwetu sisi wa lugha mbili. Sentensi ya Kifaransa inakufunga. Neno la Kiswahili linakuacha uunde sentensi papo hapo, ukiwatazama watu machoni. Tukiandika “kupatana” kwenye tawi, tutasema juu ya majirani wawili na mpaka wa shamba. Tukiandika aya nzima ya “réconciliation”, tutatoa hotuba ya darasani.

Ramani inaonyesha pia upungufu. Tulipochora mfano wa mwana mpotevu, Luka 15, tawi la mwana mdogo lilijaa hadi ukingoni mwa karatasi. La kaka mkubwa lilikuwa na neno moja tu. Na kwenye viti vya kanisa, tuseme ukweli, kaka wakubwa ndio wengi.

Iko mipaka. Mchoro unamsaidia aliyeuchora. Usiubandike mlangoni mwa kanisa ukidhani wengine watauelewa. Ripoti ya sadaka inataka safu za hesabu, si matawi. Na wako ndugu ambao akili yao hupangika vizuri kwa orodha ya kawaida, tusiwalazimishe.

Tangazo la semina iliyofuata tulilichora nyuma ya bahasha. Katikati: ALHAMISI, SAA TATU. Matawi: mahali, mtumbwi, chakula, watoto. Tulilisema kwa dakika moja, siku ikatangulia na ikarudiwa mwishoni. Kisha tukamwomba mama mmoja wa Alunguli asimame alirudie kwa maneno yake. Alisahau chakula tu, na kiti cha nyuma kikamkumbusha kwa sauti.